Kisukari kipo kwenye ukoo wenu? Hivi ndo unavyojikinga wewe na watoto wako

Kwenye nyumba zetu nyingi mzee akiambiwa ana kisukari kinachofuata ni kile kile, anatafutiwa sufuria yake ndogo, anasongewa dona lake pembeni na mchicha usiokuwa na mafuta, chai yake inawekwa tangawizi bila sukari, afu waliobaki wanaendelea na wali wao na soda kama kawaida kwa sababu kile ni chakula cha mgonjwa. Ndugu yangu naomba nikwambie, wanaoihitaji ile sufuria ndogo kuliko wote ni hao waliokaa pembeni wanakula kile kingine. Mama ameshaumwa, dawa anameza, kliniki anaenda. We mwanae ambae bado hujaumwa ndo una kitu cha kuokoa na muda wa kukiokoa unao.

Naandika haya kwa sababu kwetu kipo. Mama anacho, mjomba alikuwa nacho, mama mkubwa alikatwa mguu, na bibi kwa zile habari tunazosimuliwa za kukojoa usiku kucha na macho kuingia giza bila shaka alikuwa nacho ila enzi zake nani alimpima. Kwa hiyo haya mambo nayafatilia kwa karibu na naomba uyasome mpaka mwisho hasa kama una watoto.

Kwanza hili la kurithi

Nazungumzia kisukari cha aina ya pili, kile cha ukubwani ambacho ndo wengi wanacho. Cha aina ya kwanza kinachowapata zaidi watoto na vijana ni habari nyingine, kile mwili wenyewe unashambulia kongosho, kiungo cha tumboni kinachotoa insulini ya kuingiza sukari kwenye misuli, na huwezi kukizuia kwa kula vizuri, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa aina ya kwanza asijilaumu hata kidogo.

Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye aina ya pili, uwezekano wa wewe kukipata ni kama mara mbili hadi tatu ya mtu ambaye kwao hakipo. Wazazi wote wawili wakiwa nacho unapanda zaidi. Hiyo ni kweli na hamna haja ya kuificha. Ila unachorithi sio ugonjwa wenyewe. Unarithi kongosho ambalo halina nguvu za ziada, na mwili ambao ukinenepa tumbo kidogo tu insulini inaanza kutofanya kazi vizuri, yaani sukari inabaki kwenye damu badala ya kuingia kwenye misuli, kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi kama punda anayeongezewa mzigo kila safari mpaka siku anapiga magoti. Hii inachukua miaka, mara nyingi miaka mingi, na kwa muda wote huo we hujisikii chochote.

Afu kuna urithi wa pili ambao watu hawautaji, jiko. Mmekula chungu kimoja miaka yote, chai yenu ina vijiko vile vile, mmekaa vile vile, wote mnapenda mkate wa kumimina. Huo ndo urithi unaoweza kuukataa.

Na hii sio maneno ya kufarijiana. Marekani walifanya utafiti mkubwa sana majibu yakatoka 2002, walichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilishapanda ila haijafika kuitwa kisukari, wakawagawa, wengine wakapewa vidonge vya metformin ambayo ni dawa ya kisukari, wengine vidonge visivyo na dawa, wengine wakafundishwa kula na kutembea angalau dakika 150 kwa wiki na kupunguza uzito kwa asilimia 7. Kundi la kutembea na kupunguza uzito wakapata kisukari kwa asilimia 58 pungufu ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza metformin walipunguza kwa asilimia 31. Na waliozidi miaka 60 ndo walifaidika zaidi, asilimia 71, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba umri umeshaenda. Finland nao walitoa majibu yao 2001, watu 522, wakapata asilimia 58 hiyo hiyo.

Mwaka 2006 kikagunduliwa kipande cha vinasaba kinaitwa TCF7L2, hiki ndo kati ya vile vya urithi wa kisukari cha aina ya pili kina nguvu kuliko vingi, wakarudi kwa wale wale watu wa Marekani wakawapima wakaangalia, je wenye kipande kibaya hawakufaidika? Walifaidika. Mazoezi na chakula viliwasaidia hata wao waliobeba urithi mbaya zaidi. Mi hii ndo habari ambayo ningetamani kila mtu anayesema "kwetu ni cha ukoo, siku yangu ikifika imefika" aipate.

China mjini Da Qing walianza yao 1986 wakawafatilia watu miaka 30. Waliobadili maisha walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka minne kwa wastani na vifo vya magonjwa ya moyo vikapungua kwao. Kuchelewa nako ni faida, miaka minne bila sindano wala dawa, macho yako mazima, sio kitu kidogo.

Kaa na wazee uulize

Siku mmekusanyika, iwe Idi iwe Krismasi au msibani, uliza kwa adabu. Nani alikuwa na sukari, aliambiwa akiwa na umri gani, anatumia vidonge au sindano, nani alikufa na presha, nani figo zilikufa, nani alipofuka uzeeni. Anza na wazazi na ndugu zako wa tumbo moja maana hao ndo wana uzito zaidi, afu babu na bibi, shangazi, mjomba, baba wadogo. Andika kwenye daftari.

Hapa inabidi usikilize kwa makini maana majibu hayaji moja kwa moja. Utaambiwa babu yako alitupiwa kitu mguuni kidonda hakikupona mpaka ukakatwa. Usibishane na mzee, we uliza tu taratibu, alikuwa anakunywa maji sana? alikuwa anaamka usiku kukojoa? alikonda ghafla? Akikwambia ndio ndio ndio, basi andika. Na waulize wamama uzazi wao, aliyewahi kupanda sukari akiwa mjamzito na aliyejifungua mtoto wa zaidi ya kilo nne. Kwetu mtoto wa kilo nne na nusu anashangiliwa wodi nzima, ila inaweza kuwa dalili kwamba sukari ya mama ilikuwa juu mimba nzima na hakuna aliyejua.

Kupima, na hapa usiruke

Kama kwenu kipo na una kitambi au uzito umezidi, pima sasa hivi hata kama una miaka 25. Kama huna hayo basi ukifika miaka 35 anza. Majibu yakiwa mazuri rudia baada ya miaka mitatu hivi, yakiwa ya katikati rudia kila mwaka.

Kipimo cha kawaida ni cha asubuhi hujala kitu, angalau masaa nane, maji matupu tu ndo unaruhusiwa, sio chai ya rangi yenye sukari kidogo. Mashine nyingi za kwetu zinasoma kwa milimo (mmol/L), na namba zenyewe ziko hivi: chini ya 5.6 uko vizuri. Kuanzia 7.0 kwenda juu hicho ni kisukari, ila kama huna dalili yoyote lazima kirudiwe siku nyingine ndo useme. Hapo katikati ndo kwenye hatari, Wamarekani wanaanza kuhesabu kutoka 5.6 mpaka 6.9, Shirika la Afya Duniani wao wanaanzia 6.1, kwa hiyo usishangae daktari mmoja akikwambia uko sawa na mwingine akakwambia ujiangalie. We kwa sababu una ukoo chukua ile kali, 5.6. Ukikutana na mashine inasoma namba kubwa kama 100 au 126 usishtuke, hizo ni vipimo vya namna nyingine, 100 ndo 5.6 na 126 ndo 7.0.

Kile cha kidole ni cha kuanzia tu. Nawa mikono na sabuni ukauke vizuri kwanza, maana ukiwa umemenya embe sasa hivi afu ukatobolewa hicho kidole mashine itasoma sukari ya embe. Kikitoka juu nenda maabara utolewe damu ya mshipa. Na usiende kupima siku una homa kali au malaria, mwili ukiumwa sukari inapanda yenyewe, subiri upone, labda uwe na zile dalili nitakazozitaja mwisho.

Kuna kipimo kingine kinaitwa HbA1c, hiki kinaangalia wastani wa sukari yako ya miezi miwili mitatu iliyopita na hakihitaji kufunga kula. Chini ya asilimia 5.7 ni salama, 5.7 hadi 6.4 ni ile katikati, 6.5 kwenda juu ni kisukari. Kizuri, ila sisi watu wa huku tuna jambo moja la kukumbuka, kama una sikoseli au umebeba tu kinasaba chake, au damu imepungua sana, hiki kipimo kinaweza kukudanganya, kinaweza kutoa namba nzuri wakati hali sio nzuri. Mwambie daktari mapema, atatumia kile cha asubuhi au kile cha kunywa glukosi gramu 75 ukapimwa tena baada ya masaa mawili.

Tena jiangalie shingo kwa nyuma na kwapani. Ngozi ikiwa imekuwa nyeusi nene laini kama ya mahameli, mtu anasugua na dodoki na limao haitoki, huo sio uchafu jamani. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini imeanza kukataliwa na mwili. Watoto wengi wanene wanachekwa shuleni kwa hiyo shingo na mama anamgombeza mtoto haogi vizuri, wakati anatakiwa apelekwe akapimwe.

Jiko moja, chungu kimoja

Sasa tufike kwenyewe. Kanuni ninayoisimamia ni kwamba nyumba yenye mgonjwa wa kisukari haipiki vyakula viwili. Kinachopikwa ni kimoja na wote wanakula, mgonjwa, baba, watoto, mgeni. Hapo mgonjwa hajisikii katengwa, pesa haiendi mara mbili, na nyie wenye damu yake mnakingwa bila kuimba wimbo wowote wa dayati.

Na hicho chakula sio cha adhabu. Sahani yako igawe kwa macho, nusu nzima iwe mboga, mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, biringanya, nyanya chungu, kachumbari, chochote mlichonacho sokoni. Robo iwe samaki, dagaa, kuku, mayai, maharage, choroko au kunde. Robo iliyobaki ndo wanga, ugali au wali au ndizi. Wengi wetu tumezoea kinyume chake, mlima wa wali afu mchuzi na kipande cha samaki na majani mawili pembeni.

Kuhusu dona na sembe, dona ni bora kwa sababu halijakobolewa, lina nyuzinyuzi, sukari inapanda taratibu na unashiba muda mrefu. Ila dona la ukubwa wa kichwa cha mtoto bado ni wanga mwingi, kiasi ndo kinachoamua, bonge la ukubwa wa ngumi yako limetosha. Hivyo hivyo na hii imani kwamba mihogo, magimbi na viazi vitamu havina shida kwa sababu ni vya shambani. Ni vyakula vizuri ila ni wanga, ukila mihogo usiongeze tena chapati juu yake. Uji nao uangalie, unga uliosagwa laini ukapikwa mwepesi ukatiwa sukari vijiko vinne unapanda haraka sana hata kama ni wa ulezi na umeandikwa lishe.

Jambo la mpangilio wa kula watu wengi hawalijui. Anza na mboga na kitoweo, wanga uwe wa mwisho. Kuna majaribio madogo yalifanyika New York kwa watu wenye kisukari, majibu yakatoka 2015, chakula kile kile mtu yule yule, akianza na mboga na nyama akamalizia wanga sukari haikupanda kama akianza na wanga. Haikugharimu hata shilingi.

Kwa sisi watu wa pwani tunaokula kwenye sinia kuna ugumu wake, huwezi kujua umekula kiasi gani, mkono unaenda tu na maongezi yamenoga. Sio lazima muache sinia, kula pamoja ni jambo la heri, ila pakueni wali kiasi cha kawaida katikati, mboga na kachumbari muweke nyingi kuzunguka, na anayetaka kuongeza aongeze mboga. Na mwezi wa Ramadhani ndo balaa, mtu kafunga siku nzima afu ftari ni mihogo ya nazi, viazi, tambi za sukari, kaimati, maandazi, juisi ya embe, vyote saa moja hiyo hiyo, vyote wanga na sukari. Fungua kwa tende moja mbili na maji, swali, rudi ule supu au maharage na kitoweo, chagua wanga mmoja katika ile yote. Kaimati ziwepo siku chache, sio siku zote 30. Na ikishakuwa mtu ana kisukari tayari na anatumia dawa, aongee na daktari kabla mwezi haujaandama, asisubiri azimie.

Asubuhi ndo tunaharibu kuliko wakati wowote. Chai ya vijiko vitatu na maandazi matatu au vitumbua, hapo hamna nyuzinyuzi hamna protini, saa nne njaa inauma unatafuta kingine. Yai la kuchemsha na parachichi, au maharage ya jana na kipande kimoja cha muhogo, au supu, mtu anafika mchana bila kuhangaika.

Unachokunywa

Hapa ukibadili hapa tu peke yake umeshaenda mbali. Soda ya kawaida ya nusu lita ina sukari zaidi ya gramu 50, ambazo ni kama vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima na ikiwezekana ishuke hadi 25, yaani vijiko sita hivi. Kwa hiyo soda moja imemaliza siku yako yote na hujanywa chai bado. Chai vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu ni vijiko tisa, gramu 36. Piga hesabu ya familia yenu.

Juisi ya miwa, juisi ya ukwaju ya sukari, zile enaji wanazokunywa bodaboda na madereva wa malori usiku, zote ziko kundi moja. Na juisi ya matunda halisi unayosaga nyumbani, tunda zima lina nyuzinyuzi unalitafuna linakushibisha, ukisaga na kuchuja maembe matatu ukanywa dakika moja umepata sukari ya maembe matatu bila kile kilichokuwa kinaizuia. Kula embe, usinywe embe. Asali na sukari guru ni sukari vilevile ndani ya damu, najua watasema ni dawa lakini mashine haitofautishi.

Kwenye chai shuka taratibu, kijiko nusu kila wiki mbili, weka iliki, mdalasini, tangawizi, mchaichai, ulimi unazoea wenyewe. Watoto wasizoee soda kabisa nyumbani, iwe kitu cha sherehe. Kwenye mkoba wa shule weka maji.

Kitambi na ile kamba

Tumelelewa tukiambiwa kitambi ni dalili ya neema, na ukipungua watu wanakuuliza una nini, unaumwa, wengine wanaanza kunong'ona mambo ya ukimwi. Hii presha ya majirani inawarudisha wengi nyuma, mtu kaanza kupungua vizuri anaogopa maneno anarudi kula. Waambie tu kwa uwazi napunguza kwa sababu kwetu kuna kisukari, wakizoea watanyamaza.

Sio lazima uwe mwembamba. Ile asilimia 7 ya Wamarekani kwa mtu wa kilo 80 ni kilo tano na nusu hivi. Hiyo tu. Kinachotakiwa kipungue zaidi ni mafuta ya tumboni yale yanayozunguka ini na kongosho, ndo maana hata mtu mwembamba wa mikono na miguu mwenye tumbo limetokeza anatakiwa apime. Huna mizani? Chukua kamba, simama ukutani pima urefu wako kutoka unyayo hadi utosini, ikate hapo, ikunje katikati mara moja, afu izungushe tumboni usawa wa kitovu bila kuvuta pumzi. Ncha zikikutana uko pazuri. Zisipokutana tumbo limezidi nusu ya urefu wako na hapo ndo pa kufanyia kazi. Ukipima kwa futi ya fundi cherehani, kiuno cha mwanaume kikizidi sentimita 94 na cha mwanamke 80 hatari imeshaanza kupanda.

Kutembea na kubeba

Misuli ndo inakula sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na misuli ikifanya kazi inachukua sukari hata kama insulini yako ni dhaifu. Kwa hiyo muda bora wa kutembea ni baada ya kula, dakika 10 au 15, badala ya kulala kwenye mkeka na kuangalia tamthilia. Jumla yake kwa wiki ifike zile dakika 150, dakika 30 siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Jimu sio lazima. Shuka kituo kimoja kabla, panda ngazi, lima bustani, fua kwa mkono, cheza mpira na watoto jioni. Ila usiishie kutembea tu, misuli nayo inataka ijengwe, mara mbili kwa wiki chuchumaa na kusimama, piga pushapu hata kwa kuegemea ukuta, nyanyua vidumu vya maji vya lita tano. Wamama wa mjini tunaokaa dukani au ofisini kutwa tuinuke kila nusu saa hata kwa dakika mbili, kukaa kwenyewe ni tatizo.

Usingizi pia. Wanaolala chini ya masaa sita kila siku wanaonekana kupata kisukari zaidi, na walinzi, manesi, madereva wa usiku wanajua ninachosema, kama zamu haibadiliki basi mchana lala kweli, funga pazia zima simu. Sigara inaongeza hatari kwa asilimia 30 hadi 40. Acha.

Mitego ya dawa

Hii inaniuma kuliko zote. Kuna watu sukari ya katikati imewatisha wanachukua vidonge vya mama yao kabatini wanameza kimya kimya. Usifanye hivo. Vidonge kama glibenclamide vinashusha sukari kwa nguvu, mtu ambaye hana kisukari anaweza kushuka mpaka akazimia au kufa usingizini. Metformin ni salama zaidi na wapo madaktari wanaowapa watu wa kundi la katikati, lakini iandikwe na daktari aliyeangalia figo zako kwanza.

Wadogo zetu wa kike wananunua vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio mitaani, vingi ndani yake kuna deksamethasoni au dawa za jamii hiyo zinazoitwa steroidi. Hizi zinapandisha sukari moja kwa moja, na ukiwa na ukoo wa kisukari ndo umeuita ugonjwa kwa jina. Mafuta ya kujichubua yenye steroidi kali ukipaka mwili mzima miezi na miezi nayo yanaingia kwenye damu. Mtu mwenye pumu au ugonjwa wa viungo aliyeandikiwa prednisoloni asiache kwa ghafla, ila amwambie daktari kwamba kwao kuna kisukari apimwe sukari akiwa anatumia.

Na hizi chupa za "inamaliza kisukari siku saba", zisikudanganye, mlonge ule kama mboga, mdalasini weka kwenye chai, vizuri kabisa, ila hakuna mti unaofanya kazi ya kupunguza tumbo na kutembea kwa niaba yako.

Wadada na mimba

Mwanamke mwenye ukoo wa kisukari akishika mimba aseme kliniki siku ya kwanza kabisa, wampime mapema, na arudiwe wiki ya 24 hadi 28 maana hapo ndo sukari ya ujauzito inajitokeza. Ikitokea ikapanda afu akajifungua salama asidhani imeisha, apimwe tena kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, na baada ya hapo kila mwaka au angalau kila miaka mitatu, kwa sababu aliyepanda sukari akiwa mjamzito ana uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu karibu mara kumi ya asiyepanda. Kunyonyesha kunamsaidia yeye na mtoto wote wawili. Na ule ulaji wa uzazi wa siku arobaini, mtori na uji wa sukari na blubendi mara tano kwa siku, mama mkwe aelezwe kwa upole kwamba supu, samaki, mboga na maharage vinaleta maziwa vilevile.

Usisubiri ratiba ukiona haya

Kiu isiyokatika, kukojoa kila saa mpaka usiku, kukonda bila sababu huku unakula, macho kuwa na ukungu, fangasi ukeni au kwenye uume zinazorudi rudi, kidonda kisichopona, ganzi na moto kwenye nyayo. Pima siku hiyo hiyo, na hapo sukari ya wakati wowote ikisoma 11.1 au zaidi hamna tena mjadala wa ulikula nini. Mtoto akianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, anakunywa maji sana, anakonda, mpeleke hospitali leo na uwaambie wampime sukari, usikubali aandikiwe dawa ya malaria au UTI arudishwe nyumbani bila kutobolewa kidole. Akitapika na kuhema kwa nguvu pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana, usisubiri asubuhi, tafuta usafiri usiku huo huo.